Kichekesho cha TV nilichokitafsiri Kasongo, na ukumbi uliobomolewa na mwenyewe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasongo, Maniema, upande wa Kongo. Yaliyomo humu yamenitokea mimi, na nisipoyaandika mahali nitaumwa.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mji mmoja mwaka mzima. Nimevusha watu kwa mtumbwi Nyangwe, nimelima karanga za watu Kabambare, nimeendesha pikipiki mpaka mgongo ukakataa. Kitu kimoja tu sijawahi kukiacha: muvi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutafsiri muvi kwenye ukumbi wa Papa Ramazani, kando ya barabara inayokwenda Kabambare. Kuta za matofali mabichi, bati juu, mabenchi, TV moja, jenereta. Watu wanakuja mchana baada ya soko, mimi nakaa pembeni na maiki, nasema kwa Kiswahili kile wanachosema kwenye TV.

Kiingereza sijui. Kifaransa nachechemea. Lingala naielewa. Palipobaki najaza mwenyewe.

Na kazi yetu ina desturi yake: kila jina la mbali unalileta nyumbani. Mwizi akikimbia kwenye mtaa wa Amerika, mimi nasema anakimbia kuelekea soko la Kasongo. Mto wowote ni Lualaba. Usipofanya hivyo watu wanalala.

Hapa niseme jambo kuhusu tuzo. Hafla za tuzo nazitazama kwenye simu, vipande vipande, mtandao ukiamka. Nguo zile nazipenda, machozi yale siyaamini. Na muvi zinazoshinda, wakuu! Mtu anatazama dirisha. Ananyamaza. Anatazama dirisha tena. Niliwahi kuonyesha moja, ilibidi nimtungie yule bwana ugomvi mzima na shemeji yake, la sivyo ukumbi ungebaki mtupu. Wanamshukuru kila mtu pale jukwaani, lakini mtafsiri hatajwi.

Za vita nazo zina adabu yake. Ukumbi mmoja wa Kabambare, risasi zikianza kwenye muvi, mwenye ukumbi anapunguza sauti haraka, ili watu wa nje wasianze kukimbia na watoto mgongoni. Mlioko mbali hamuwezi kujua.

Ninachokipenda kuliko vyote ni dhihaka ya TV. Wale wachekeshaji wanaojifanya watangazaji wa habari, wanavaa suti na kusema uongo kwa uso mkavu.

Basi nikapata kipande kimoja cha Kinshasa, kwa Lingala. Mchekeshaji amevaa kama waziri, bendera nyuma yake. Anatangaza kwamba barabara zote za nchi zitatiwa lami, na kila mwenye jengo kando ya njia alibomoe mwenyewe kwa heshima, kabla mashine hazijafika. Atakayekuwa wa kwanza atajengewa jipya. Akimaliza anapanda gari lake, gari linakwama kwenye matope, wananchi wanalivuta kwa kamba.

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Nikaamua kukiweka kabla ya muvi.

Na kwa desturi yetu, sikusema barabara zote za nchi. Nilisema barabara ya Kasongo hadi Kabambare.

Hakuna aliyecheka.

Hata gari lilipokwama. Sasa nani atacheka? Huku gari la kila mkubwa hukwama, na sisi ndio tunaolivuta. Nilidhani nimetafsiri vibaya. Kesho yake nikakirudia, safari hii kwa sauti nzito ya serikali kabisa. Watu wakaniomba nikirudie mara ya tatu.

Nikaondoka kwenda Kabambare kutafuta muvi mpya. Njia mnaijua, au hamuijui, yote sawa: nilikaa majuma mawili.

Niliporudi, ukumbi haukuwepo. Bati zimepangwa chini, miti ya paa imefungwa pamoja, TV imeviringishwa kwenye kitenge. Papa Ramazani amekaa kwenye benchi, jua linampiga, anatabasamu.

"Mwanangu, nimekuwa wa kwanza," akasema. "Tuende ku ofisi, weye utakuwa shahidi."

Nikamwambia, "Papa, ule haikuwa ministri. Iko mucheshi tu."

"Mucheshi na drapo nyuma yake?"

"Bendera ya kuchezea, Papa."

"Na gari? Tuliona wote ilikwama mu matope. Mucheshi gani anakwama sawa ministri?"

Akaongeza, "Na weye njo ulisema Kasongo mupaka Kabambare. Nilisikia na masikio yangu."

Alinivuta hadi kwenye ofisi moja ya utawala. Alieleza vizuri, kofia mkononi. Vijana wa pale walicheka wakashika meza. Mmoja akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Kuya usikie! Mzee amebomoa nyumba yake juu ya teatre, muchezo wa TV!"

Papa akavaa kofia yake, akaaga mmoja mmoja kwa jina la Mungu, tukatoka.

Njiani hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisimama tu, akasema:

"Usiambie watu kama ilikuwa muchezo. Wanangojea hii barabara tangu sijazaliwa. Waache."

Mvua za juma lile zilizilamba kuta zilizobaki. Mabenchi ameyagawa msikitini na kwa majirani.

Somo nililopata, wakuu: dhihaka ni ya watu ambao kwao uongo na ukweli havijafanana. Kwetu mchekeshaji hana pa kutia chumvi.

Nimenyamaza kama alivyotaka mzee. Lakini jana Mama Furaha, jirani yake, anayeuza mandazi, ameniuliza mashine zinakuja mwezi gani, apate kuvunja jiko lake na chumba cha mbele wanapolala wajukuu. Ameshaazima nyundo.

Nilimjibu sijui.

Nikisema, namvunjia mzee ombi lake, na mtaa mzima utajua kilichomfanya abomoe. Nikinyamaza, nyundo ile itafanya kazi. Mnaosoma hapa, mngefanya nini? Andikeni leo, maana Mama Furaha ni mtu wa kuamka mapema.