Kitabu cha Kuanzia Alichonichagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinichagulia kitabu cha kunishinda, na alikusudia kinishinde.

Yeye ni mwalimu wa falsafa chuoni. Mimi ni fundi cherehani. Baba alipofariki, mmoja wetu ilibidi aache shule, na aliyekalishwa kwenye cherehani ya mama ni mimi. Sare zake zote, mpaka suruali aliyoingia nayo chuo, nilishona mimi.

Mwaka jana nilimaliza darasa la watu wazima. Nikaenda kwake, nikamwambia, "Nichagulie kitabu cha kuanzia falsafa. Nataka kujua ulikwenda kusoma nini."

Mkewe akacheka. "Wifi, falsafa haina pindo wala kifungo!"

"Ndiyo maana mumeo kaivaa miaka yote na haijamkaa."

Mdogo wangu hakucheka. Alipitisha kidole kwenye rafu, akavuta kitabu kinene kama tofali. "Anza na hiki, dada. Wote huanzia hapa."

Nikakiweka kando ya cherehani. Mteja akiondoka, nasoma kwa kidole. Sentensi moja inatambaa nusu ukurasa. Nikifika mwisho wake, mwanzo umeshanitoka. Nikaanza kuamini kwamba shule ilimpata aliyeistahili. Hilo ndilo lililonila.

Ndipo akaja binti mmoja, mwanafunzi wa mdogo wangu, kupunguziwa sketi. Akakiona. "Mama, unasoma hicho? Sisi tunakigusa mwaka wa mwisho! Mwalimu hutuanzisha na hiki."

Akatoa mkobani kijitabu chembamba. Kilianza kwa swali: utajuaje kwamba unayemwamini hakudanganyi? Nikalielewa palepale, bila kidole.

Mwanagenzi wangu simpi koti. Namkatia kitambaa kibovu apige mshono ulionyooka, kisha foronya. Nikimpa koti siku ya kwanza, ujue nataka aondoke.

Nikarudi kwa mdogo wangu na tofali lake. "Kwa nini?"

Akaangalia viatu. "Dada, ungeanza kuniuliza maswali mbele za watu. Nilidhani utachoka mapema."

"Na wanafunzi wako hawakuulizi?"

Nikaliacha tofali mlangoni.

Binti yule alitaka kunipa chake, nikakataa. Namdai mdogo wangu. Akilete kile chembamba kwa mkono wake, akae hapa dukani, kwenye kigoda alichosimama juu yake nikimpima sare, anisomee ukurasa wa kwanza. Kigoda bado kipo.