Makaburi Kwenye Slaidi

Mwalimu Damaris alikuwa na sheria moja tu kuhusu slaidi, na aliirudia mpaka gredi ya tano wakaikariri: picha moja, sentensi mbili, imetosha. Watoto hawakuipenda hata kidogo. Wao walitaka herufi ziruke kutoka pembeni, zizunguke, zitue kwa mlio wa kengele, na maua yachanue nyuma ya kila picha, hata ya choo cha soko. Damaris alizifuta mbwembwe hizo moja moja, kwenye tableti za shule zilizojaa nyufa na zenye chaji ya kubahatisha, na kila alipofuta alinuniwa. Hakujali. Alikuwa mwanamke wa kushikilia neno lake, hata pale ambapo afadhali angeliachilia.

Hakuwa mzaliwa wa Osiri. Kwao ni Rangwe, alisoma Asumbi, kisha akaolewa huku kwenye machimbo ya dhahabu na Zablon, aliyemwita Nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, kwa madaha yote. Ndoa yao haikuwa imepata mtoto. Majirani walilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, mama mkwe kwa sauti ya juu, lakini Zablon alicheka tu na kusema mke wake ana watoto darasa zima, anataka wangapi tena? Kwa maneno hayo Damaris alimpenda mpaka akamwogopea. Maana kila asubuhi Zablon alishuka kwenye shimo lililokuwa nyuma ya ua wa shule, na kila jioni Damaris hakuonja chakula kabla hajasikia gambuti zake mlangoni.

Muhula huo kazi ilikuwa historia ya mahali petu. Aliwatuma watoto wapige picha ya kitu cha zamani kuliko vyote nyumbani, wakiulizie, wakitengenezee slaidi. Alitarajia mawe ya kusagia, vyungu, labda redio ya babu. Alisahau, naye ni Mjaluo kama wao, kwamba katika boma kitu cha zamani kuliko vyote mara nyingi ni kaburi. Basi wakamletea makaburi.

Nusura awarudishe. Kisha akasoma slaidi ya Beverlyne, msichana asiyependa utani. Chini ya picha ya kilima kidogo chenye msalaba wa saruji, aliandika: "Hapa pamezikwa yago. Baba ya babu hakupatikana."

Yago ni tunda la mti wa mvungunya, refu, zito. Maiti isipopatikana, Wajaluo hulizika tunda hilo mahali pa mtu, wakalilia kama wanavyomlilia mtu. Damaris aliyajua hayo tangu utoto. Kwao hufanyiwa wale waliomezwa na ziwa. Lakini ziwa liko mbali na Osiri. Akamuuliza mtoto, huyu baba ya babu alizama wapi?

"Hakuzama kwa ziwa, mwalimu. Aliingia chini na hakutoka."

Jioni hiyo, darasa likiwa tupu, alizipanga slaidi zote kwenye kompyuta ya shule. Makaburi manne ya yago, maboma manne tofauti, mwaka ule ule kwenye misalaba yote. Na maboma yote manne yaliizunguka shule. Akafunga kompyuta bila kuizima.

Kesho yake alikwenda kwa bibi yake Beverlyne, mzee Adhiambo, akamkuta akianika muhogo. Bibi hakushangaa kuulizwa; alishangaa kwamba imechukua muda huo wote. Akaeleza huku akigeuza muhogo wake. Zamani palikuwa na shimo, mdomo wake pale lilipo darasa la gredi ya tano. Wachimbaji waliufuata mwamba wenye dhahabu kuelekea mtoni, mvua kubwa ikaja, na mto ukaingia humo ndani. Shimo likafukiwa na wazee wakakubaliana lisiguswe tena.

"Ndio wakapatia shule hiyo shamba," alisema. "Waliona hakuna mtu ataweza kutoa watoto wa wenyewe ati achimbe dhahabu."

Damaris akauliza waliwaambia kina nani. Bibi akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Waliambiana wao kwa wao, nyathina, mwanangu. Nao wamekwisha."

Damaris alirudi nyumbani akiwa na hasira na watu waliokufa zamani. Mtu atoaje shamba zuri, akavikwa shada, akapigiwa makofi, asiseme sababu? Waliona aibu, au waliona maneno yenyewe yana mkosi. Wakaweka shule kama mfuniko, na mfuniko hausemi kilichomo ndani.

Zablon aliingia siku hiyo kwa furaha. Walikuwa wamekutana na mbao za zamani huko chini, mbao zilizooza, na wachimbaji wote wanajua maana yake: pale walipoachia wa kale, dhahabu ipo. Jiwe sasa lilikuwa laini, lenye unyevu, kazi inakwenda haraka. Damaris akamweleza yote, akamshika mikono yote miwili, akamsihi. Zablon hakumdharau. Alisema kila shimo lina wafu wake, na siku hizi kuna pampu. Kisha, kwa kuwa aliona machozi, akasema angeziona hizo slaidi siku ya wazazi, na akiziona ataamua.

Hapo ndipo Damaris alipopata mpango wake. Haikutosha Zablon peke yake kuona. Ilifaa shimo zima lione. Karibu kila mchimbaji wa pale alikuwa na mtoto gredi ya tano. Akatoa tangazo, na tangazo lake lilikuwa kali: kila baba afike mwenyewe, hakuna kisingizio cha kazi, na mtoto ambaye baba yake hayupo hatasimama mbele. Watoto walilia nyumbani mpaka baba zao wakakubali.

Siku ikafika. Madirisha yalizibwa kwa blanketi ili projekta ionekane, na wanaume walijibana kwenye madawati madogo, mashati safi, udongo ungali kwenye kucha. Zablon hakuwepo. Damaris alijiambia amechelewa, akaanza. Walicheka kwenye slaidi za soko. Kisha yakaja makaburi, moja, la pili, na kicheko kikaisha. Beverlyne alisimama wa mwisho, akasoma polepole slaidi mpya, maneno aliyoyapata kwa bibi yake:

"Mmoja alinaswa na maji. Watatu walikufa wakienda kumtoa."

Chini ya maneno hayo alikuwa amechora mstari mwekundu, kutoka chini ya darasa hilo hilo mpaka mtoni. Wanaume wakatazama sakafu. Damaris aliona kwamba wameelewa, na kwa muda mfupi alifurahi.

Baba yake Beverlyne akainuka, kofia mkononi.

"Mwalimu. Zablon ako huko chini."

Hakuelewa. Akarudia kuangalia mlangoni, kana kwamba mumewe angeingia.

"Ulisema kila baba akuje. Na pampu haiwezi achwa, lazima mtu akae nayo chini aitolee matope. Zablon akasema yeye hana mtoto hapa. Akatushikia zamu sisi wote."

Walitoka mbio. Jenereta ilikuwa ikinguruma vilevile, lakini bomba ambalo siku zote lilitema tope la kijivu sasa lilimwaga maji safi, mengi, yenye majani ya mtoni. Waliita, hakuna aliyejibu. Waliivuta kamba, ikaja nyepesi. Baba yake Beverlyne alikuwa amekwisha vua shati, na wenzake wawili walikuwa wakimfunga kamba kiunoni. Watoto walisimama kwenye ua wa shule, wametulia kuliko walivyowahi kutulia darasani.

Damaris alitaka washuke. Mungu anajua alitaka washuke wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mumewe apatikane. Alimtazama yule mwanamume, akamtazama mtoto wake kwenye ua, kisha akaishika kamba na kuanza kulifungua fundo.

"Hakuna baba ya mtoto atashuka," alisema.

Wakamsihi. Mmoja alilia, akasema labda bado anapumua. Damaris alisema tena maneno yale yale, kwa sauti ile ya darasani, akaikusanya kamba yote na kuikalia. Hakuinuka mpaka maji yalipofika kwenye mdomo wa shimo.