Chandarua Juu ya Kahawa

Mimi mtu akinisifia kitu changu, kwanza natazama mikono yake. Kwa hiyo yule bwana wa karatasi alipofika kwetu, ng'ambo ya mto, njia ya Opala, sikumpa kiti haraka. Alikuja kukagua kahawa ya kikundi chetu cha wamama. Asipokuta dawa ya kiwandani, tungeuza bei nzuri kwa watu wa Ulaya. Akiikuta, tungerudi kwa mnunuzi wa bandarini, anayepanga bei peke yake. Kwangu bei nzuri maana yake mabati. Majani ya paa langu yalikuwa yameoza.

"Koko, unatumiaka dawa mu shamba?" akaniuliza, kalamu mkononi. Kwetu bibi huitwa koko.

"Dawa? Ya malaria yenyewe naikosa. Ya kahawa nitaitoa wapi?"

Akaandika. Nikakereka. Umaskini wetu wa siku zote, leo unapigwa muhuri! Akachungulia chini ya kitanda, akanusa hata dumu la mawese.

"Unatafuta nini, papa? Bwana yangu alikufa, haiko umo."

Mke wa mwanangu akaziba mdomo na kitenge kwa kucheka.

Tukatoka uani. Kahawa ilikuwa imetandazwa juu ya turubai, na juu yake chandarua kipya cheupe, kile tulichogawiwa bure kwenye kituo cha afya. Hewa inapita, jua linapita, kuku hawapiti. Nilijisifu kwa akili hiyo. Bwana akainama, akageuza pindo, akasoma maandishi yaliyoshonewa pale.

"Koko, hii musitikere iko na dawa. Mbu akigusa, anakufa."

"Mimi sianike mbu. Naanika kahawa."

"Kahawa imelala chini yake."

"Bon. Watoto walale chini yake ni vizuri, kahawa ikilala ni vibaya? Kikombe cha muzungu kinapita wajukuu wangu?"

Nilidhani nimemshinda. Akauliza polepole, "Na wajukuu wanalala chini ya gani?"

Mke wa mwanangu akatazama chini. Walikuwa wanalala chini ya kile cha zamani, matundu yake tumeyafunga na uzi.

Kisha akauliza juu ya gunia langu lililokuwa tayari kwenye depo ya kikundi. Kahawa yake niliianika wapi? Gunia hilo nililipeleka jana yake, na kesho wangelimwaga pamoja na ya wenzangu. Nikashuku ananitega. Nani angejua? Mimi na mke wa mwanangu tu. Lakini kahawa ikishachanganyika haina mwenyewe. Dawa ikionekana huko Ulaya, ni wamama wote wamekosa, na wao hawakuwa na akili yangu ya chandarua.

"Nayo ililala hapo," nikasema.

Nikaenda kulitoa mwenyewe, wenzangu wananitazama. Mmoja akanitupia, "Koko, kahawa yako malaria haitaishika tena!" Wakacheka. Kucheka walikuwa na haki.

Nikavuka mto kwa pirogi hadi bandarini. Mnunuzi akalitupa gunia kwenye mizani bila kulifungua. Zamani nilimpenda kwa hilo: mtu asiye na maneno mengi. Siku hiyo nikabaki nimesimama.

"Hauulize nimeianika na nini?"

"Eh, koko! Kahawa ni kahawa. Utapita lini tena?"

Nikatazama mikono yake. Mmoja ulikuwa chini ya gunia, unaliinua kidogo. Miaka yote hiyo sijui ulikuwa wapi, maana nilikuwa natazama mshale.

Mabati sikununua. Chandarua kipya kiko juu ya kitanda cha wajukuu, na mvua ikinyesha tunasogeza kitanda na chandarua chake. Kuku nawafukuza na fimbo. Yule bwana wa karatasi bado simwamini. Mtu anayenusa mawese ya wengine lazima naye anuswe. Akirudi nitampa kiti, lakini nitakaa mbele yake, niione mikono yake.