Rangi ya Mlango wa Kushoto

Shangazi yangu huchanganya rangi za magari. Gari lililogongwa likishanyooshwa bati katika gereji anayofanyia kazi, yeye ndiye hutafuta rangi ya kufanana na ile ya zamani: tone la nyeusi, ncha ya kijiko ya njano, tone jingine la nyeusi, mpaka mwenye gari ashindwe kuonyesha lilipoumia. Kabla hajaridhika hupaka kipande cha bati, akakitoa nje na kukiinua juani. Taa haziamini hata kidogo. Mafundi wenzake humtania kwamba hata mchumba wake alimtoa nje kwanza akamtazama juani, ndiyo maana mpaka leo hajaolewa.

"Nilimtoa," huwajibu. "Akachuja."

Anaishi katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu. Mabaki ya rangi za gereji huyaleta humo katika vichupa vya dawa, akavipanga juu ya meza iliyo chini ya dirisha, kando ya msasa, keekee ya mkono na vigari vyake. Ni vigari vya chuma vya kuchezea, vile vinavyoenea kiganjani. Wengine huvinunua wakaviweka kabatini vilivyo, Shangazi huvigeuza. Hutoboa ribiti zinazoshika tumbo la gari, akatoa viti na vioo, akailoweka bodi katika dawa ya kung'oa rangi mpaka chuma kibaki kitupu. Hapo ndipo kazi huanza. Atashusha ekseli ili gari lilalie matairi. Atakata mgongo wa gari la familia liwe pikapu. Aliwahi kumtengenezea mkuu wa gereji gari lake la kuvutia magari mabovu, lenye mnyororo, ndoano na kutu kwenye mlango wa nyuma, na mkuu huyo huwaonyesha wateja mpaka leo.

Kwa miaka mingi hakuna mtu katika ukoo aliyeigusa meza ile. Mgeni akifika nyumbani, baada ya chai baba yangu alikuwa akisema, "Haya, twende ukaone maajabu ya dada." Shangazi angejidai kushtuka kwamba chumba hakijafagiwa, ingawa kilikuwa kimefagiwa tangu mgeni alipobisha hodi.

Kisha mama yangu akashika brashi.

Mama, ambaye kwa Shangazi ni wifi, hupaka kucha katika saluni. Jumapili moja alimkuta Shangazi akihangaika na taa za nyuma za kigari kimoja, doa jekundu likimtoka nje ya mstari kila mara. "Lete, wifi," Mama akasema, kama anayeomba kupokea mtoto. Akashika kigari kwa vidole viwili kama anavyoshika kidole cha mteja, akagusa mara moja huku, mara moja kule, halafu akatia kinukta cheupe katikati ya wekundu. Baba alipita, akakitazama, akasema kwa sauti, "Ala! Zinawaka!"

Neno hilo halikumtoka Shangazi masikioni. Katika vigari vyote alivyotengeneza, hakuna hata kimoja kilichowahi kuambiwa kwamba taa zake zinawaka.

Mama aliomba kufundishwa, na Shangazi angekataaje? Akamfundisha kutoboa ribiti, kusugua kwa msasa wa maji, kupaka tabaka jepesi na kusubiri likauke kabla ya la pili. Hilo ndilo lililomuuma baadaye: kila alichokionea gere kilikuwa kimetoka mikononi mwake mwenyewe. Mama alijifunza haraka. Vigari vyake vilipata vitasa vya fedha vyembamba kama kope, na vibao vya namba vinavyosomeka. Baba alimgongea rafu sebuleni, na wageni hawakuhitaji tena kuzunguka nyuma ya nyumba. Chai waliinywa huku wakitazama.

Shangazi hakususa. Alikuja, akainamia rafu, akatoa maoni.

"Zuri. Ila sijui ni gari au bibi harusi."

"Ni gari, wifi."

"Aa. Nimeona limepakwa kucha, nikauliza."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Ukiona gere sema, wifi, nikukatie kipande cha sifa."

Shangazi naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Usiku huo alisugua kigari kimoja mpaka msasa ukala pua ya gari.

Jambo lenyewe lilifika na Babu. Babu, baba yao Baba na Shangazi, alikuwa dereva wa teksi maisha yake yote, na teksi yake ilikuwa ya samawati. Macho yalipoanza kumfifia aliacha kuendesha. Gari lilikaa, likaoza, likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakati huo ndipo alipohamia kwetu. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akisikiliza barabara, na gari lililopita kwa kasi lilipokaribia kona, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu, akafunga breki.

Baba aliona hayo. Siku moja, sote tukiwa mezani, akamgeukia Mama na kusema, "Mke wangu, mtengenezee Mzee gari lake. Aliweke hapo dirishani."

Hakumtazama dada yake. Hakuwa na nia mbaya. Alisema kama mtu anayemwomba fundi aliye karibu. Shangazi aliweka kijiko chini. Alisema tu kwamba chumvi imezidi, akatoka.

Katika mtoto wa meza yake, ndani ya kitambaa, alikuwa na kigari cha aina ileile ya teksi ya Babu. Alikipata zamani na hakuwahi kukitoboa. Kila mwaka alijiambia atakitengeneza, na kila mwaka mlango ulimzuia.

Mlango huo ulikuwa aibu yake. Alipokuwa mwanagenzi gerejini, nguzo ya geti iliuchana mlango wa nyuma wa kushoto wa teksi. Babu akamletea binti yake mlango mwingine aupake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake. Alichanganya rangi ndani, chini ya taa, akaisogeza kwenye bati la gari, ikalingana kabisa. Teksi ilipotolewa nje, jua likaupiga mlango ule, nao ukageuka: gari lote samawati, mlango mmoja wa kijanikijani. Mafundi walicheka mpaka wakaketi chini. Alimsihi Babu auache aurudie, lakini Babu alikuwa na abiria wanaosubiri, akaondoka na mlango uleule. Hakurudi kuubadilisha. Tangu siku hiyo Shangazi hatoi rangi bila kuliuliza jua.

Sasa alikifungua kitambaa. Kama kuna mtu wa kumrudishia baba yake gari lake, ni yeye, binti yake wa kumzaa, si wifi. Na atalirudisha lilivyopaswa kuwa, samawati kuanzia pua hadi mkia.

Mama alimfuata na kichupa kitupu. "Wifi, samawati ya Mzee ilikuwaje hasa?"

"Samawati ni samawati."

"Basi nitabahatisha," Mama akasema, akaondoka bila kinyongo. Hilo nalo lilimkera Shangazi.

Siku chache baadaye alipita sebuleni, akamkuta Mama anabandika vioo vya kigari chake kwa supagluu. Alisimama. Gundi ile, ukifunga bodi kabla haijapumua, mvuke wake hukwama ndani na kuacha utando mweupe kwenye plastiki. Kila anayegeuza vigari huunguzwa na hilo mara moja, kisha hasahau. Shangazi alikuwa amesahau kulifundisha, sasa alikumbuka. Mama tayari alikuwa akisogeza bodi juu ya tumbo. Mdomo wa Shangazi ulifunguka.

"Kiberiti mnacho?" akauliza.

Akapewa, akaenda zake.

Siku ya kumkabidhi Babu, Mama aliweka kigari chake mezani kwenye leso. Shangazi akaingia na chake.

"Dada, na wewe?" Baba akashangaa.

"Kwani mimi si mtoto wake?"

Babu alichukua kwanza cha Shangazi. Alikigeuza karibu na dirisha, akakipitishia kidole. Rangi ilikuwa laini kama ganda la yai, bila alama hata moja.

"Zuri sana," akasema. "Jipya. Ni la nani?"

"Ni lako, Baba."

"Langu?" Babu alicheka kwa upole. "Langu halikuwa jipya hivi hata siku niliyolinunua."

Akakiweka chini, akachukua cha Mama. Vioo vyote vilikuwa na ukungu. Mama akaanza kuomba radhi, hajui kilichotokea, lakini Babu alimkatiza. "Asubuhi za baridi, mkwe! Hivi hasa. Nilikuwa nafuta kwa kiganja ndipo niione njia." Akakigeuza upande wa pili, akakisogeza puani kabisa, na dole gumba lake likasimama.

"Eh! Mlango wangu!"

Mama alikuwa ameupaka mlango wa nyuma wa kushoto rangi ya kijani, kama alivyosimuliwa na Baba.

"Huu alinipakia binti yangu," Babu akaliambia dirisha. "Kituoni teksi zote zilikuwa samawati, lakini abiria walisema, 'Tunataka ile ya mlango.' Wenzangu wakanicheka, mfinyanzi hulia gaeni. Nikawaambia gae hili silibadilishi kwa chungu cha mtu." Akakiweka kigari dirishani, akanyoosha mkono kutafuta cha Shangazi na kumrudishia. "Hili mpe mtu mwenye gari jipya, mwanangu."

Shangazi alikipokea. Wifi yake alisifiwa vioo, na sasa alisifiwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa Shangazi. Alikitazama kigari cha Mama pale dirishani, jua likikipiga ubavuni. Akasogea. Akainama.

"Si kijani hicho," akasema.

"Nini, wifi?"

"Hicho ni kijani cha kucha. Kinapiga kelele. Changu ndani ya nyumba hukioni kabisa, unaona samawati tupu. Kinatoka juani tu. Nilikosea vizuri kuliko hivyo."

Baba alicheka. Mama hakucheka. "Wifi, hata kosa unalionea gere?"

"Ni langu."

"Mwacheni apake mlango wake," Babu akasema.

Shangazi alikichukua kigari, akazunguka nyuma ya nyumba, Mama akimfuata. Mlangoni pa chumba chake alisimama bila kugeuka.

"Ule ukungu," akasema, "ni gundi. Nilikuona."

"Nilishuku nilipokwisha kufunga," Mama akasema. "Uliomba kiberiti, na jiko lako ni la umeme. Tena mtu msemaji kama wewe, uinamie kazi yangu usiikosoe? Nikasema hapa pana jambo."

Shangazi aliingia, akamimina samawati kwenye kifuniko, akaongeza njano kwa ncha ya kijiti. Akakiinua kwa mazoea kukipeleka nje, akasita. Akarudi. Akavuta pazia mpaka mwisho, akawasha taa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana.

Mama akanyoosha mkono kwenye brashi.

"Hiyo hapana," Shangazi akasema. "Taa za nyuma utapaka wewe. Mlango huu sikupi. Sogeza taa karibu, na usinipumulie kwenye rangi."