Farasi na Kifungua Mimba

Kuna wakati niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba farasi hambebi mtoto wa pili kabla hajambeba kifungua mimba. Niliambiwa hivyo na mama mmoja muuza kamba katika soko la mifugo la Ogwedhi, na sikuona kasoro yoyote. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake, wala hatii mbegu shambani kabla mkubwa hajatia zake. Kama hata mahindi yanajua foleni, mnyama mwenye akili kama farasi atakosaje kuijua?

Na wakati naambiwa hayo nilikuwa nimeshaangushwa mara mia nne, ilhali ilikuwa Jumanne tu.

Mwenye farasi alikuwa mzee mmoja karibu na mji wa Migori, polisi mstaafu aliyefukuza wezi wa ng'ombe akiwa juu ya farasi mpaka magoti yakamwisha. Alistaafu akaja nyumbani na farasi mmoja mkubwa wa kahawia, mrefu kiasi kwamba ukiwa juu yake unaona Tanzania yote mpaka mwisho. Alitaka mtu wa kumtunza na kumpanda kila siku. Nilimwambia mimi nimezaliwa juu ya farasi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewahi kupanda punda mara moja, na punda mwenyewe alijuta.

"Nakwenda Kisumu kutibiwa macho," mzee akaniambia siku ya Jumapili. "Jumamosi nikirudi nikukute unampanda. Ukiweza, kazi ni yako. Usipoweza, tuagane vizuri."

Kazi hiyo niliitaka kuliko chakula. Ilikuwa inaisha saa kumi, na ngumbaru, yaani masomo yetu ya jioni ya watu wazima, ilianza saa kumi na moja. Wakati huo nilikuwa nachimba dhahabu Macalder, ambako unatoka shimoni jioni ukiwa na matope hata ndani ya mawazo. Mwalimu alikuwa ameniambia wazi kwamba nikikosa muhula mwingine, jina langu linatoka kwenye rejista. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kitabu changu cha darasa la sita kilikuwa bado kipya. Bila farasi, hakuna shule.

Jumatatu nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikamwendea kwa heshima zote upande wa kulia. Kwetu mkono wa kulia ndio wa mwanamume, na jambo zito halianzwi kwa kushoto. Nikatia mguu kwenye kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Farasi akageuza shingo, akanitazama kama karani aliyefuatwa saa ya chakula, akaanza kuzunguka. Nami nikazunguka naye kwa mguu mmoja mpaka ardhi ikanipokea.

"Mwalimu wa farasi!" mke wa mzee akaniita kutoka jikoni. "Umeshaonja udongo wa boma lote. Wa wapi mtamu?"

"Tunazoeana, mama."

"Eeh, zoeaneni. Ila ua wangu msiuzoee."

Ajabu ni kwamba nikiwa chini tulielewana kabisa. Nikishika kamba alinifuata kama ndama, tena alikula miwa mkononi mwangu. Nikijaribu tu kupanda, undugu umekwisha. Ndiyo maana yule mama wa Ogwedhi aliponieleza habari ya kifungua mimba, niliona kama nimefunguliwa dirisha.

Jumatano nikaenda Homa Bay kumchukua kaka yangu, mvuvi.

"Omera, ndugu yangu, niache nyavu nije kupanda mnyama wa serikali?"

"Mara moja tu. Unifungulie njia."

"Na mgongo ukivunjika?"

"Wewe ndiye mkubwa," nikamwambia, na hapo akaanza kukunja nyavu.

Kaka yangu hutumia mkono wa kushoto, na nguvu zake zote ziko huko. Alhamisi alimzunguka farasi akaenda upande ule mwingine, akashika tandiko, hop! Farasi akasimama kama ukuta wa kanisa. Wakatembea, wakazunguka boma mara tatu. Mke wa mzee akapiga vigelegele. Mimi nilikaribia kulia kwa furaha: njia imefunguka!

Nikaenda upande wangu wa kulia, nikapanda. Nikaanguka.

"Labda mara moja haitoshi," kaka akasema.

Ijumaa akapanda mara saba ili njia ifunguke sawasawa. Kila akishuka, najaribu mimi, naanguka. Kufika mchana alikuwa anamkimbiza farasi huku akiimba, nami nimesimama chini nimeshika kamba, shati la kanisani limebaki kola.

Jumamosi mzee akarudi, jicho moja limefungwa bandeji. Akaketi kwenye kiti. "Haya."

Nilijaribu mara tatu. Ya tatu walinitoa kwenye ua.

"Ngoja nimtulize," kaka akasema, kwa nia njema kabisa, akazunguka upande wake akapanda. Farasi akatembea kama bibi harusi.

Mzee alimtazama kaka kwa lile jicho lake zima. Nikaona bora nijieleze. Nikamwambia habari ya kifungua mimba yote, tangu Ogwedhi. Hakucheka.

"Tulikubaliana mwisho ni leo," akaniambia taratibu. Kisha akamgeukia kaka. "Wewe, kazi hii unaitaka?"

Kaka alitazama masikio ya farasi. "Naitaka, mzee," akasema, bila kuniangalia.

Sikuwa na la kufanya. Cheti cha ngumbaru nilikuja kukipata baadaye sana, nikiwa na watoto walionizidi hesabu. Jumatatu ile nilirudi shimoni. Lakini kabla sijaondoka nilimuuliza mzee, "Kwa hiyo ni kweli, lazima mkubwa atangulie?"

"Hapana," mzee akasema. "Farasi huyu amefundishwa kupandwa kutoka kushoto. Wewe ulikuwa unampanda kutoka kulia."