Koti Lililochemshwa

Asubuhi ile niliondoka Mpanda bila kujua ninakwenda wapi. Niliisukuma pikipiki kutoka uani kwa dada yangu ikiwa imezimwa, ili mlio wake usimwamshe, nikaiwasha nilipofika barabarani. Niliangalia mawingu nione ni upande gani unaofaa. Yalikuwa meusi pande zote, hayakunisaidia kitu. Basi nikashika njia ya Mwese, kwa sababu moja tu, kwamba sikuwahi kufika. Nilikuwa nimesikia kwamba kule milimani watu wanaota moto hata mchana, na mtu akisema jambo kama hilo mbele yangu, mimi hulala nalifikiria.

Nilikuwa nimevaa koti la pikipiki. Siku chache tu kabla ya hapo niliamini hakukuwa na koti linalolishinda katika wilaya nzima.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na pikipiki zikiwa chache kiasi kwamba ukisikia mlio unajua ni ya nani kabla hujaiona. Yangu ilikuwa kuukuu, nimeipata kwa bwana shamba mmoja aliyestaafu. Nilikuwa nachukua dagaa wakavu Ikola, kule ziwani, napeleka Katumba kwa wakimbizi wa Kirundi, narudi na maharage. Shule niliiacha darasa la tano. Akili haikunikosa. Nilikosa makalio ya kukaa. Mpaka leo sijui kukaa.

Msimu wa mvua uliotangulia nilinyeshewa kutoka Ikola mpaka nyumbani, na kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kuvuta pumzi bila kisu kupita ubavuni. Kichomi. Dada yangu alinipeleka zahanati nikiwa nimeegemea bega lake kama kikongwe. Tabibu alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akanichoma sindano, na siku aliponiruhusu akaniambia, "Kijana, kifua hiki kikilowa tena namna hii, usije kwangu. Nenda kwa seremala akupime urefu."

Alicheka. Dada hakucheka, wala mimi. Kuacha barabara sikuweza, maana ndiyo iliyonilisha, na hata isingenilisha ningeifuata. Nikajua basi kwamba lazima nipate kitu cha kuvaa ambacho maji hayapiti.

Jambo likiniingia kichwani nalifuata mpaka lenyewe linichoke. Niliuliza kila aliyewahi kunyeshewa kwenye pikipiki. Katekista mmoja alinionyesha koti lake la ngozi, zito kama ndama. Likilowa, alisema, linakunywa maji siku nzima na kukaukia mwilini kama gome, halafu linaota ukungu. Koti la mvua la plastiki nilikuwa nalo mwenyewe: upepo unalijaza kama puto, jasho linakulowesha kwa ndani badala ya mvua, na siku pindo lake lilipogusa bomba la moshi liliyeyuka likabaki pale, likinuka mpaka Katumba. Mganga wa mifugo ndiye aliyenieleza habari ya makoti ya kitambaa, ambayo Wazungu huvaa kwao kwenye baridi na mvua. Kitambaa nje, bitana nene ndani, na katikati kuna utando mwembamba unaozuia maji lakini unapitisha jasho. Nilimwambia hilo haliwezekani. Akasema, "Limewezekana, wewe ndiye hujaliona."

Nililiona sokoni Mpanda, siku waliyofungua marobota ya mitumba. Lilikuwa chini ya lundo la makabuti ya kike, mkono mmoja umetokeza. Niliuvuta nikijua ndilo kabla halijatoka lote. Rangi ya kijivu, viwiko vimewekewa mito, zipu imefunikwa na ulimi wa kitambaa ili maji yasipite kwenye meno yake. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na vile vibandiko vinavyolia kraa ukivibandua. Kola ilikuwa na manyoya laini. Nililigeuza nje ndani, nikafungua zipu ya bitana, na pale katikati nikauona utando: mweupe, mwembamba, kama ule ulio ndani ya ganda la yai. Juu ya kila mshono walikuwa wamebandika utepe. Niliwaza juu ya mtu aliyekaa mahali fulani akafikiria kwamba maji yatapita kwenye tundu la sindano. Nilitamani nimfahamu.

Muuzaji, kijana aliyening'iniza suruali shingoni kama skafu, aliona nimekawia mno.

"Kaka, achana na hilo turubai. Vaa ngozi hii uonekane mtu. Ukipita nayo Makanyagio mademu wanasahau ndoo bombani."

Niliweka mdomo kwenye kitambaa nikapuliza kwa nguvu zote. Hewa ilinirudia usoni. Kisha nikamwomba mama mmoja aliyekuwa karibu kikombe chake cha maji, nikayamimina taratibu kwenye bega la koti.

"We! Unalinyeshea koti langu?"

"Nalibatiza," nikasema. "Likikataa maji, nalichukua."

Maji yalijikusanya vidonge vidonge, yakabingirika kama kwenye jani la gimbi, yakaanguka. Bega likabaki kavu.

"Basi hilo la kipagani," akasema yule mama, na watu wakacheka.

Nililivaa nikakaa juu ya robota ambalo halijafunguliwa, nikanyoosha mikono kama nimeshika usukani. Nilitaka kujua kama mgongo utabaki umefunikwa nikiinama, na kama mikono ya koti itapanda ikaacha vifundo wazi. Nikapinda kulia, nikapinda kushoto.

"Washa basi, twende!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Huyo kaishiwa mafuta," mwingine akamjibu.

Nilikuwa na redio ya mkulima, ndogo, yenye masafa mafupi, ambayo jioni ilinisomea habari za nchi nyingi kwa lugha nisizozijua, nami nilisikiliza hivyo hivyo. Sikuwa na kingine cha kumpa muuzaji. Nilikwenda nyumbani nikaileta, akaizungusha vifundo, akaridhika. Nilirudi na koti begani, na kwa mara ya kwanza tangu kichomi nilipumua bila kujisikiliza.

Dada alilipokea mlangoni kwa vidole viwili.

"La nani hili?"

"Langu."

"Najua ni lako sasa. Nauliza lilikuwa la nani."

Kwetu nguo ya mtumba haivaliwi ikitoka sokoni. Walisema ni nguo za marehemu, kwamba huko Ulaya mtu akifa ndugu zake hawana muda wa kugawana, wanafunga robota. Kwa hiyo unachemsha kwanza. Kila nyumba ilichemsha, lakini dada yangu alichemsha kuliko wote. Mama yetu alikufa kwa kukohoa, nikiwa mdogo sana kuelewa, na baada ya mazishi dada aliwasha moto uani akachemsha kila kilichomgusa mama: shuka, khanga, mto, vikombe, mpaka kamba ya kuanikia. Alikuwa bado msichana. Tangu siku hiyo amenilea kwa maji ya moto.

Ningepaswa kumweleza siku hiyo hiyo. Lakini ungemwelezaje mtu utando usioonekana? Nililitundika msumarini, na kesho yake, kwa kuwa jua lilikuwa kali, nikaenda Katumba na shati tu.

Niliporudi alikuwa ananisubiri uani, mikono imevimba, uso unang'aa.

"Njoo uone," akaniambia. "Njoo uone uchafu wa Wazungu."

Debe lilikuwa bado juu ya mafiga. Ndani yake maji ya kijivu yenye magadi na sabuni, na juu ya maji vilielea vipande vyeupe, vyepesi, vingi, kana kwamba mtu amemenya kikapu kizima cha mayai.

"Dada," nikasema, "hiyo ndiyo iliyokuwa inazuia maji."

"Hiyo ipi?"

"Hiyo nyeupe."

"Hiyo ni ngozi ya mtu." Akatoa kipande kimoja kwa kijiti, akaninyooshea. "Ona. Nimechemsha tangu asubuhi, nikasugua na gunzi, ndiyo ikakubali kutoka. Ilikuwa imeshika!"

Shemeji, mume wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitengeneza mpini wa jembe. "Shemeji, nyie mlitaka kuvaa koti pamoja na mwenyewe humo ndani?" akasema, akacheka peke yake.

Koti lilikuwa kwenye wigo. Walilikamua wao wawili, kila mmoja upande wake, na lilipoanza kukauka dada alilipiga pasi ya mkaa, kuua mayai ya nzi. Tepe za mishono zilikuwa zimejikunja kama majani ya tumbaku. Nje lilikuwa safi kuliko siku lilipotoka kiwandani. Nilichota maji kwa kata nikamimina begani pale pale nilipomiminia sokoni. Yaliingia. Hayakusita hata kidogo, yaliingia kama kwenye mchanga.

Wakati wa chakula nilitazama sahani tu.

"Unaninunia," akasema dada.

"Sijanuna."

"Umenuna. Nakuondolea maiti mwilini, unaninunia. Nani aliyekubeba kwenda zahanati? Hilo koti?"

Nilimega tonge. Nilikuwa na maneno mengi, mengine mabaya sana, na yote yalipofika kooni yalimkuta yule msichana wa uani na moto wake. Nilimeza tonge na maneno. Na ndivyo nilivyojua kwamba siwezi kukaa pale tena, maana ningekaa ningeyasema, au yeye angeendelea kuniponya.

Basi, mvua. Ilinikuta baada ya kuacha barabara ya Kigoma, njia ilipoanza kupanda kwenye miombo. Kwanza ilikuwa matone makubwa machache, nikajidanganya kwamba pengine kitambaa peke yake kitatosha. Maji yaliingilia mabegani, kwenye mishono, mahali yule mtu nisiyemjua alipobandika tepe zake. Niliyasikia yakishuka makwapani, halafu viwikoni, ambako mito iliyanywa ikawa mizito kama mawe. Kifuani yalifika mwisho. Bitana, ambayo ilitengenezwa kukaa kavu nyuma ya utando, ilijaa yote ikanikumbatia. Ni kola tu iliyobaki na ujoto wake kwa muda, nikawa nimeiinamia kwa kidevu kama mtoto.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kadiri nilivyopanda baridi iliongezeka, na ukungu ukashuka kukutana nami. Huko juu nilisimama, nikazima pikipiki. Nilitaka kusikia kifua changu. Nilivuta pumzi polepole, mpaka chini, nikisubiri kisu. Hakikuwepo. Kulikuwa na kitu kidogo tu, kama mtu anayekwaruza mlango kwa ukucha mmoja. Nikawasha tena. Kurudi kulikuwa mbali sawa na kwenda, na kule nyuma kulikuwa na debe.

Alasiri niliingia Mwese. Sikuona milima niliyoifuata, niliona moshi unaotoka kwenye mapaa na kushindwa kupanda. Mtu aliyejifunika gunia kichwani alinionyesha nyumba yenye vyumba vya wageni. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, amejitanda blanketi na kulifunga kwa pini. Hakuniuliza jina.

"Ingia jikoni, baba, utakufa hapo mlangoni."

Jikoni kulikuwa na moto mkubwa. Vidole vyangu havikuweza kufungua zipu, akanifungulia yeye, akalivua koti akalinyanyua, na maji yakachuruzika sakafuni mpaka majivuni. Nilikohoa. Nilikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, nikishika ubavu. Yeye alisimama na koti mkononi, akisubiri nimalize.

"Hicho ni kikohozi cha zamani au cha leo?"

"Cha mwaka jana."

Aliligeuza koti, akapapasa bitana. "Huu mtumba?"

"Ndiyo, mama."

"Mliuchemsha?"

"Dada yangu aliuchemsha."

"Una dada mwema," akasema. "Hawa watoto wa siku hizi wanavaa hivi hivi, hujui nani alifia ndani. Hapa kwangu blanketi zote nimechemsha, mgeni akitoka nachemsha, usiwe na wasiwasi."

Nilisema asante. Alinionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha la mbao, blanketi mbili zilizochakaa, safi. Sikuuliza kama hapa Mwese kuna anayeuza makoti. Nililala nikajifunika zote mbili, nikawa natetemeka, nikisikiliza ule ukucha mlangoni. Baadaye kidogo akachungulia, koti bado liko mkononi mwake, linadondosha.

"Limejaa matope hili. Maji yangu yako motoni tayari. Nilichemshe?"

"Lichemshe, mama," nikamwambia.