Mwizi Aliyeuliza Habari za Watoto

Zefania hakuwahi kuiba hata kuku, lakini mwaka ule wa 1956 watoto wa kijiji cha Kinyangiri walikuwa wakimwona kisimani, wanakimbia. Kisa ni mchezo wa kuigiza. Marko, fundi cherehani, alikusanya wanaume waigize kundi la wezi wa ng'ombe, akamfanya Zefania mkuu wao.

Wenzake walikunja nyuso na kunguruma. Watu wakacheka tu. Zefania hakupaza sauti. Alimwendea mwanamume aliyeigiza mwenye zizi, akamwuliza habari za watoto, kisha akasema taratibu, "Fungua." Hakuna aliyecheka.

Raheli akainuka, akaondoka. Alikuwa mjane, mumewe aliuawa na wezi wa ng'ombe.

Kesho yake Zefania alikwenda kwake. "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini?" Raheli alikuwa akipepeta mtama, wala hakuacha. "Wewe uliigiza sawasawa. Waliokuja kwangu nao walisalimia. Kilichoniondoa ni yule mwenye zizi. Kulia tangu mwanzo hadi mwisho! Mume wangu hakulia. Na mimi nilishikilia mlango mpaka wakanivunja kidole."

Marko alipopata habari alikuna kichwa. Nani angeigiza hivyo?

"Nitasimama mimi," Raheli akasema.

Shemeji zake walinung'unika: mwanamke, tena mjane, asimame uwanjani!

Baada ya mavuno wakaigiza tena. Zefania akauliza habari za watoto.

"Hawajambo," Raheli akasema, akimtazama usoni. "Na wako, wanajua uko wapi?"

Maneno hayo Marko hakuyatunga. Aibu ilimpanda Zefania, aibu ya mtu ambaye si yeye, naye hakujua aiweke wapi. Akageuka, akaondoka uwanjani, na kundi lake likamfuata bila ng'ombe hata mmoja.

"Mmeniharibia mchezo!" Marko alilalamika. Nyuma ya nyumba wanaume wawili waliopangwa kuigiza askari, na kofia nyekundu alizowashonea, walikuwa bado wanangoja mtu wa kumkamata.

Lakini watu hawakuondoka. Walibaki wakibishana kama mwizi yule angerudi au la, na wengine wakamsogelea Raheli kumwuliza habari za mumewe, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hawakuthubutu kulifanya. Akawasimulia mpaka jua likazama.